Vanila Isiyonukia Keki: Kutoka Iringa hadi Kyela

Alhamisi, Iringa mjini

Safari hii imeanzishwa na bwana harusi. Aliingia dukani kwangu saa tano asubuhi, kijana wa kazi za ofisini, viatu vimepigwa kiwi mpaka vinaakisi dari, akasema anatafuta marashi ya siku yake kubwa mwezi ujao. Mimi nauza pafyumu za kupima na nyingine nachanganya mwenyewe, kwa hiyo nikaanza kumnusisha moja baada ya nyingine kwenye vijikaratasi. Udi ameuchoka, kila mwanaume mjini ananukia udi. Ya machungwa akasema ni sabuni ya kuoshea vyombo. Nilipofika kwenye mafuta ya vanila, haya tunayoletewa kwa lita kutoka Dar, akacheka mpaka akashika kaunta.

"Dada, hii ni keki. Mimi nataka nikiingia ukumbini watu waseme bwana harusi huyo, siyo keki hiyo inaletwa."

Tukacheka wote. Lakini nina kichupa cha mililita tano ambacho huwa nakifungia kwenye droo kwa ufunguo. Ndani yake kuna kiini cha vanila kilichotolewa kwenye maganda yenyewe, kitu cheusi, kizito kama asali iliyoungua. Sikiuzi, kikimwagika nitalia. Nikadondosha tone moja kwenye karatasi, nikamwambia asiinuse kwanza, asubiri. Baada ya dakika mbili tatu akaiweka puani, akaitoa, akairudisha.

"Hii siyo vanila. Hii ni koti la ngozi. Kuna tumbaku humu, ya babu."

"Ndiyo vanila yenyewe hiyo."

Hakuamini, na simlaumu. Wengi wetu tumekutana na vanila kwenye kichupa cha arki ya kuokea, na ndani ya arki ile ya bei rahisi kuna kitu kimoja tu, vanilini, kile kinachotoa harufu tunayoiita vanila. Ganda la vanila lililotunzwa vizuri lina vanilini kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake, na pembeni kuna vitu vingine zaidi ya 200, kila kimoja kidogo sana: kimoja cha moshi, kingine cha matunda yaliyokaushwa, kingine kinakumbusha ngozi ya begi jipya. Tunaisingizia vanila utamu wa majirani zake. Sukari na siagi ndizo zinazonukia kwenye kumbukumbu zetu, vanila ilikuwepo tu wakati zinaokwa.

Ilinibidi niende Kyela hata hivyo, kwa mjomba, kuchukua maganda ya mwaka huu. Nikamwambia bwana harusi anipe siku kumi. Badala ya kwenda kwa basi moja la moja kwa moja, nitasimama njiani na daftari. Kuna jambo nimekuwa nikilifikiria muda mrefu kuhusu vanila na hii nyanda yetu ya juu, ambayo hakuna mtu anayeihusisha na vanila.

Ijumaa, Mafinga

Kilomita 80 hivi kutoka Iringa, na Oktoba hii ni vumbi na upepo njia nzima. Mjini nimeiacha mijakaranda imemwaga maua ya zambarau barabarani. Mafinga hakuna maua. Ukifungua mlango wa kosta unapokelewa na harufu ya mbao mbichi, hata uwe na mafua.

Binamu yangu ana dingidongi, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishwa kutoka kitalu hadi kitalu, kandokando ya msitu wa Sao Hill. Nilimkuta amejaa vumbi la msumeno mpaka kwenye kope. Nikamwomba gogo lililokatwa leo hii, siyo la jana. Akanionyesha paini moja iliyoangushwa asubuhi. Watu wa misitu wanaiita msindano. Wapasuaji wanasema paini tu.

Nilibandua gamba kwa panga. Chini ya gamba, kabla hujafika kwenye mti wenyewe, kuna utando laini unaoteleza kama sabuni iliyoloa. Nikaukwangua kwa kucha, nikaonja. Maji matupu, utamu kidogo mwanzoni, halafu uchungu unaokaba nyuma ya ulimi. Vijana wa dingidongi walisimamisha kazi kunitazama. Mmoja akauliza kama nina mimba.

Kilichonifanya nilambe gogo mbele za watu ni hiki. Mwaka 1874, Ujerumani, wanakemia wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walitengeneza vanilini bila ganda hata moja la vanila. Walianzia kwenye koniferini, kitu kinachopatikana kwenye maji haya haya ya chini ya gamba la miti ya jamii ya misindano. Kiwanda kikafunguliwa mji wa Holzminden. Kwa hiyo vanilini ya kwanza ya kiwandani duniani ilitoka kwenye mti wa namna hii, binamu anaoupasua kupata mbao za kenchi.

Wengi wakisikia hivi wanadhani ni utomvu, ile gundi wanayoigema kwa kuchanja shina na kufunga kifuko. Hapana. Gundi ile inatoa tapentaini, na harufu yake ni ya rangi ya mafuta. Ninayoizungumzia mimi iko kwenye maji ya mti, na ukiinusa hivi ilivyo hainukii kitu.

"Kwa hiyo nimelalia vanila miaka kumi," binamu akasema.

"Umeilalia, ila haijaamka."

"Iamshe basi tugawane."

Mti wenyewe pia unayo, kwa njia nyingine. Kinachoshikamanisha nyuzi za mti ziwe ngumu kinaitwa lignini, na lignini ikivunjwa inatoa vanilini miongoni mwa vitu vingine. Huko Sarpsborg, Norway, kiwanda kinachosindika miti kinatengeneza vanilini kutokana na lignini hadi leo. Vitabu vya zamani vinavyonukia utamu fulani wa vumbi vinanukia kwa sababu hiyohiyo: lignini ya karatasi inavunjika polepole. Nilikuwa nayo nyumbani Biblia ya marehemu bibi, na kabla sijajifunza haya nilidhani harufu ile ni ya bibi.

Jioni baridi ilishuka kama kawaida ya Mufindi, ghafla, mtu kafungua mlango wa jokofu. Wakawasha moto wa mabanzi, yale mapande ya pembeni yenye gamba ambayo hayafai kuwa mbao. Tukakaa kuuzunguka na chai ya tangawizi.

Na hapo ndipo pana jambo langu. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilipelekwa shule ya bweni mbali na nyumbani, na sweta langu lilikuwa limefumwa na mama na kukaa miezi jikoni juu ya kuni. Wasichana wa mjini walihamisha vitanda. Walinipa jina, silitaji hapa. Nilifua sweta lile mara sita kwa sabuni ya mche, moshi haukutoka, na likizo ya kwanza nikamwambia mama alianike nje, sitaki tena linuke jiko. Sikumwambia kwa nini. Miaka kumi na tano baadaye, Dar, mfanyabiashara mmoja alinifungulia kichupa cha kiini cha vanila kwa mara ya kwanza nikanuse, na kitu cha kwanza nilichokiona kichwani ni lile sweta.

Siyo hisia tu. Moshi wa kuni unabeba gwayakoli. Ni miongoni mwa vitu vinavyoufanya moshi unukie moshi. Gwayakoli imo pia kwenye ganda la vanila lililokauka. Na sehemu kubwa ya vanilini inayouzwa duniani leo inatengenezwa viwandani kwa kuanzia na gwayakoli, ingawa hiyo ya viwandani inatokana na mafuta ya petroli, siyo moshi wa kuni. Vanilini na gwayakoli ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kavaa kidogo zaidi ya mwenzake. Waliohamisha vitanda wanikimbie jioni ile, jioni nyingine walikuwa wanapigania aiskrimu ya vanila.

Kabla ya kulala nilifunika mabanzi yanayofuka kwa mfuniko wa sufuria wa chuma. Baada ya nusu saa ulikuwa na lami nyembamba ya kahawia. Nikaiosha kwa alkoholi ya kuchanganyia, nikaitia kwenye kichupa. Kwa ajili ya kunusa tu, kwenye karatasi. Lami ghafi ya moshi haipakwi kwenye ngozi ya mtu, ina vitu vya kuleta saratani. Wenye viwanda wanatumia iliyosafishwa, na kwa kipimo.

Jumamosi, njiani

Kichupa changu cha lami ya moshi kilivuja Makambako. Sikujua mpaka abiria wa siti ya nyuma aliposimama na kuuliza kwa sauti ya mwalimu wa zamu, "Nani kabeba samaki wa kukaushwa?" Konda akaanza kukagua mizigo. Nilitazama dirishani kama mtu anayeona Makambako kwa mara ya kwanza.

Ila alikuwa sahihi, na nimeandika kwenye daftari: gwayakoli peke yake ni samaki, ikiwa na vanila ni ngozi.

Tairi lilipasuka kabla ya Chimala. Mahindi ya kuchoma, mia tano. Mbeya usiku.

Jumapili, Mbeya

Nililala mpaka saa tatu. Halafu soko la Mwanjelwa.

Kwenye viungo nilimkuta mama mmoja amepanga mafungu: iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, anapima karafuu kwa kikombe cha kahawa. Nilinunua kikombe kimoja, nikavunja karafuu mbili kwa meno.

Watu wachache wa kwetu wanajua kwamba karafuu iliwahi kuwa mama wa vanilini. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, na mwishoni mwa karne ya 19 na miaka kadhaa iliyofuata viwanda vya Ulaya vilibadilisha yujenoli kuwa vanilini, njia iliyokuwa nafuu kuliko kukwangua misindano. Karafuu ya dunia wakati huo kwa sehemu kubwa ilitoka Unguja na Pemba. Sitaki kujidai, lakini nikiwa na vumbi la karafuu mdomoni katikati ya Mwanjelwa nilijisikia kama mtu aliyemkuta shangazi yake kwenye picha ya harusi ya watu wengine.

Mchana nilijifungia gesti na kupanga vichupa juu ya kitanda. Niseme la moyoni kuhusu neno "feki". Mteja akisikia vanilini ya kiwandani anafunga pochi. Lakini marashi ya kisasa yalianzia kwenye hicho anachokiita feki. Mwaka 1889, mwaka uleule uliofunguliwa mnara wa Eiffel, Aimé Guerlain wa Paris alitoa marashi ya Jicky, na ndani alitia vanilini ya kutengenezwa na kumarini ya kutengenezwa, ile yenye harufu ya majani makavu. Hakutaka watu wanukie keki. Juu kuna lavenda, baridi na safi kama shuka lililoanikwa. Lavenda ikiachwa peke yake inaruka na kupotea kabla hujafika kituoni. Vanilini ni nzito, haina haraka ya kuondoka kwenye ngozi, kwa hiyo inaipa lavenda mahali pa kusimama. Mwaka 1925 Jacques Guerlain akatoa Shalimar, na inasimuliwa kwamba alianza kwa kumimina ethili vanilini ndani ya chupa ya Jicky aone itakuwaje. Ethili vanilini haipo kwenye mmea wowote, na nguvu yake ni kama mara tatu ya vanilini. Shalimar pia, ukiipa saa nzima, haina keki. Ina moshi, ina ngozi, ina ubani.

Hicho ndicho ninachotaka kukisema kwa bwana harusi na kwa kila anayenijia. Vanila kwenye marashi ni sakafu. Sisi tunaiuza kama sukari halafu tunashangaa wanaume wanaikimbia.

Nilijaribu michanganyiko minne. Wa kwanza, vanila na karafuu: chai ya maziwa. Wa pili, vanila na limau: aiskrimu ya mwendokasi, sijui kwa nini nimeiita hivyo lakini ndivyo ilivyo. Wa tatu nilitia karafuu chache, nikaongeza tone la mafuta ya moshi yaliyosafishwa niliyonunua Dar mwaka jana na kuyasahau. Huo nimeuwekea nyota. Wa nne umemwagika kwenye shuka la gesti, na nimelipishwa elfu tano.

Jumatatu, kushuka Kyela

Asiyewahi kushuka kutoka Uyole hadi Kyela anaweza kudhani nazidisha. Unaanza kama mita 1,700 juu ya bahari na jaketi limefungwa hadi kidevuni. Isyonje ni ukungu na viazi. Kiwira migomba. Tukuyu chai, na mvua, kwa sababu Tukuyu mvua haijui kalenda. Halafu barabara inaanza kuzunguka kuelekea chini, abiria wanavua nguo moja moja kama vitunguu, na ukifika Kyela, mita 500 na ushee tu, umebaki na fulana na jasho.

Pua nayo inashuka. Iringa, kwenye baridi kavu, niliweka tone kwenye kifundo cha mkono na niliinamia kulisikia. Kyela, tone lilelile la mchanganyiko wenye nyota lilinitangulia kuingia dukani. Joto na unyevu vinairusha harufu. Ndiyo maana kuna marashi yanapendwa Mbeya na kuchukiwa Kyela, na muuzaji anayepima bila kuuliza mteja anakaa wapi anafanya kazi nusu.

Karibu na stendi kuna mashine ya kukoboa mpunga. Nilisimama nje kwenye rundo la pumba na kujaza mikono. Harufu ya joto, ya nafaka, kama mkeka mpya. Pumba laini za mpunga zina asidi ya feruli, na wapo wenye viwanda wanaozichukua, wanavilisha vijidudu asidi hiyo, na vijidudu vinatoa vanilini. Kwa kuwa ni mmea na uchachushaji, sheria za Ulaya zinaruhusu iitwe ya asili, na inauzwa ghali kuliko ile ya petroli ingawa ukiziweka chini ya pua zote mbili ni vanilini ileile. Mwenye mashine aliniuliza nataka magunia mangapi kwa ajili ya kuku.

Misindano, karafuu, pumba za mpunga. Siku nne na sijaona hata jani moja la vanila. Na kati ya vanilini yote inayotumika duniani, inayotoka kwenye ganda haifiki asilimia 1.

Kwa mjomba nilifika jioni. Nilipiga goti, nikasema "Mwaghonile," akaniitikia na kuniuliza habari za nyumba moja baada ya nyingine, mpaka za mbuzi tuliyemuuza mwaka juzi. Mjomba analima kakao, na kwenye kivuli cha kakao ameelekeza marando ya vanila juu ya miti midogo, siyo mengi, hayafiki mia. Kwenye ukumbi palikuwa na harufu kali ya siki kutoka kwenye masanduku ya kakao inayochachuka. Alinipeleka chumba cha ndani, akafungua sanduku la bati lililotandikwa blanketi la kijivu, akafunua upande mmoja tu kama mtu anayemwonyesha mtoto aliyelala.

Maganda kama mia mbili hivi, meusi, yanang'aa, yamejikunja kidogo. Nikachukua moja. Linapinda kama ukanda wa saa, linaacha mafuta kwenye vidole. Karibu na kikonyo kulikuwa na vidoa vidogo vilivyopangwa, kama maandishi ya vipofu.

"Herufi yangu," mjomba akasema. "Nalichoma kwa pini likiwa bichi. Likikomaa alama inabaki, likikauka inabaki. Atakayeliiba atauza na jina langu."

Wakulima wa Madagascar wanafanya hivyohivyo. Mjomba aliisikia redioni.

Nikalinusa ganda lile kwa macho yaliyofumba. Plamu kavu. Begi la ngozi. Halafu, mbali sana nyuma, jiko.

Jumanne, shambani

Aliniamsha saa kumi na moja na nusu. "Ua la vanila halikungoji mpwa wangu, siyo basi la Kyela."

Ua lina rangi ya kijani iliyopauka, nusu njano, na linafunguka alfajiri siku moja tu. Kufika mchana limesinyaa, na kama halijachavushwa linaanguka. Huko kwao Mexico wapo nyuki wanaohusishwa na kazi hiyo. Kwetu hawapo. Lazima mkono wa mtu.

Mjomba alitumia mwiba wa mlimao. Alilishika ua kwa mkono wa kushoto kama anayeshika kidevu cha mtoto, akalichana mdomo wa chini kwa ncha ya mwiba ili kilichomo kionekane. Ndani kuna nguzo moja fupi. Juu yake kichwa cha chavua, manjano, kama punje ya unga wa mahindi uliolowa. Chini yake mahali pa kupokelea chavua, panang'aa kwa unyevu. Na katikati yao kiutando kidogo kinachotenganisha dume na jike ndani ya ua lilelile. Kazi yote ni hicho kiutando. Unakiinua kwa mwiba, unakikunja nyuma, unabonyeza kwa dole gumba ili juu na chini vigusane, unachomoa mwiba taratibu. Sekunde tatu. Mjomba alikuwa anazungumza habari za bei ya mchele huku anafanya.

Mimi la kwanza nililivunja shingo. La pili nilikipasua kiutando. La tatu likakubali, na mjomba akalifunga uzi mwekundu ili tujue ni langu. Kwenye kila kichala anachavusha nane au kumi, mengine anayaacha yaanguke, ukiwa na tamaa marando yanachoka.

Mbinu hii ya mwiba ilitolewa na mtoto. Vanila ilipopelekwa kisiwa cha Réunion iliota na kuchanua miaka mingi bila kuzaa, wazungu wenye mashamba wakikuna vichwa. Mwaka 1841 Edmond, mtumwa wa miaka 12, akaonyesha kidole gumba na kijiti. Utajiri wote wa vanila wa Réunion na baadaye Madagascar ulipita kwenye kidole kile. Utumwa ulipofutwa mwaka 1848 walimpa uhuru na jina la ukoo, Albius. Alikufa maskini mwaka 1880. Nilimsimulia mjomba, akanyamaza maua mawili matatu, kisha akasema, "Na kijiti walichukua wao."

Nikauliza habari za zile milioni za bei ya vanila. Mnakumbuka? Baada ya kimbunga Enawo kupiga Madagascar Machi 2017, bei ikapanda mpaka mwaka 2018 kilo ya maganda makavu ikawa inakaribia dola 600, na huku kwetu kila simu ikawa na mtaalamu wa vanila. Bei ilishuka baadaye, wataalamu wakahamia parachichi. Mjomba hakupanda kwa sababu ya simu, alipanda kwa sababu kivuli cha kakao kilikuwepo bure. Hesabu yake ni fupi: kilo tano hadi sita mbichi kwa kilo moja kavu, na kati ya ua na ganda la kuchuma ni miezi tisa, "kama mtu."

Ganda bichi halinukii chochote. Nililikata moja kuthibitisha, akaniguna. Harufu imefungwa ndani na sukari, na haitoki mpaka ganda lifishwe. Analitia kwenye maji ya nyuzi 63 hadi 65 kwa dakika kama tatu, ana kipimajoto chake, maji yakichemka umepika mboga. Kisha linafungwa kwenye blanketi litoke jasho, linaanikwa saa chache kila siku na kurudishwa blanketini, wiki kwa wiki, halafu linalala sandukuni miezi. Ni kipindi hicho moshi na ngozi na plamu vinapoingia. Anayeharakisha anapata vanilini na hasara.

Nilinunua maganda arobaini. Alipunguza bei, nikaipandisha tena kidogo, tukagombana kama inavyotakiwa.

Ijumaa, Iringa

Nimerudi jana usiku. Leo nimechanganya kwa maganda niliyoyaloweka kwenye alkoholi tangu Machi, ya mjomba ya mwaka jana. Kwenye mililita kumi: vanila sehemu kubwa, matone mawili ya karafuu, moshi uliosafishwa kwa ncha tu ya sindano, juu kidogo lavenda isiyo na mbwembwe. Sikutia kitu cha tamu hata kimoja. Rangi ni ya chai ya rangi, na itazidi kuiva. Vanilini hugeuza marashi kuwa kahawia. Ndiyo maana huwa namwambia mteja asivae shati jeupe juu yake likiwa bado bichi kwenye ngozi.

Bwana harusi alikuja saa nane. Nikampaka kifundo cha mkono. Hakucheka. Akanusa, akashusha mkono, akauinua tena.

"Inanukia nini?"

"Wewe unasikia nini?"

"Sijui. Kama nyumbani kwa watu wazima." Akafikiri. "Kuna ngozi. Halafu kuna... nyumbani kwetu Kalenga, asubuhi, kabla ya chai."

Nikamtajia bei. Akasema nimpunguzie, nikasema vanila ya mjomba haipunguzwi. Akasema atafikiria, akaenda zake, nami nikarudi kufuta kaunta nikijua akisema atafikiria ndiyo basi.

Saa kumi na moja jioni alirudi, amevua tai, amekunja mikono ya shati. Akanyoosha mkono juu ya kaunta mpaka karibu na pua yangu.

"Dada, nimekula kiti moto na nimenawa mara mbili. Bado ipo."

Nikachukua chupa ya mililita thelathini.